Maji Niliyoyatia Kwenye Tangi

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyobatizwa. Mto Kilombero ulikuwa umepanda mpaka ukaingia uani kwa Fundi Sefu, na mashua ya injini ikafungwa kwenye nguzo ya jiko la mkewe kama mbuzi. Wakati huo anatawala Mdachi, nami ni kijana wa ndevu za kwanza, baharia wa mashua ile pale Ifakara. Kusoma nimesoma katekisimu na hesabu kidogo, basi usinitafutie maneno makubwa. Nitaandika kama ninavyosema.

Lakini nikuanzie nyuma kidogo, maana bila hayo utaniona mwendawazimu.

Baba yangu alikuwa Mpogoro wa milima ya Mahenge. Vita ya Maji Maji ilipotufikia mimi nilikuwa bado nachunga mbuzi. Alikuja mgawa dawa mmoja, jina lake Likapa. Namtaja kwa sababu alikunywa pombe yetu, akaondoka na kuku wetu wawili. Alimnyunyizia baba maji kichwani, akampa mama kibuyu kidogo kilichojaa maji hayohayo, akasema risasi za Mdachi zitageuka maji. Baba akafunga mabua ya mtama kichwani, akakimbilia boma la Mahenge pamoja na wenzake. Bombom, ile bunduki ya kumimina risasi, ikawafyeka. Likapa hakuwepo siku hiyo.

Baadaye ikaja njaa. Usiamini mtu akikwambia ilitoka kwa Mungu. Ililetwa kwa kiberiti. Aliyewaonyesha askari ghala letu lilipo ni Mwinyimvua, aliyekuwa akiwaongoza njia, na aliyelichoma ni shaushi, mkubwa wa askari hao, aliyeitwa Bakiti. Mama alikufa akitafuna mizizi. Tulibaki wawili, mimi na dada yangu Sesilia, tukateremka bondeni. Mali tuliyorithi ilikuwa kile kibuyu, kimeshakauka. Mwinyimvua yeye akapewa uakida, atutawale kwa niaba ya Mdachi.

Sasa njoo kwenye injini.

Mara ya kwanza kuiona niliogopa kuisogelea. Ilikuwa na vifua viwili vya chuma, Fundi akiviita silinda, na juu ya kila kimoja plagi ya kaure nyeupe kama jino. Fundi Sefu alikuwa mtu wa pwani aliyejifunza kazi Dar es Salaam. Siku niliyoajiriwa alidondosha petroli kidogo juu ya jiwe, akawasha kiberiti. Jiwe likawaka. Nikakaa chini palepale.

"Mtu wa milimani," akaniambia, "umeona nini?"

"Nimeona maji yanawaka."

"Hayo si maji. Yanafanana tu. Na hayapendani na maji hata kidogo."

Nililala nikiwaza. Baba yangu alikufa akiamini maji yanazima moto wa Mdachi, kumbe Mdachi alikuwa na maji yake yanayozaa moto. Wewe umezaliwa malori yapo, huwezi kujua uzito wa jambo hilo kifuani mwa kijana kama mimi. Kila injini iliponguruma nilisikia mwili wote umenisisimka, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

Fundi alikuwa na taratibu zake mbili. Ya kwanza, petroli haikuingia kwenye tangi mpaka ipite kwenye kipande cha ngozi laini, kwa kuwa ngozi ile hupitisha petroli na kuzuia maji. Ya pili, kila asubuhi kabla hajafungua mfuko wa vyombo alituketisha sote wa mashuani na kuuliza, "Nani kagusa nini?" Ilibidi kila mmoja ajitaje. Nimegusa kamba. Nimegusa hendeli. Sijagusa kitu. Hata mkewe, Bi. Zuhura, akipita na chungu Fundi alimuuliza, naye akijibu, "Mimi nimegusa ndevu zako." Tulikuwa tukicheka sana. Lakini alikuwa anamaanisha. Alisema chuma hakiwezi kueleza kilichokipata, basi aliyekigusa lazima akisemee.

Ikaja siku ambayo Akida Mwinyimvua alipanda mashua yetu kwenda Mofu kuandikisha watu wa kazi za shuruti. Alikaa mbele, kanzu nyeupe, anatafuna tende. Hakunijua. Mimi nilimjua hata kwa kisogo.

Alfajiri yake nilikuwa nimekichukua kibuyu cha mama, nikakijaza kwa maji ya mto, nikafungua kifuniko cha tangi na kumimina yote. Usiniulize kama niliamini dawa au nilitaka tu kuharibu. Yote mawili yalikuwemo. Nilitaka injini ife katikati ya mto, mbele ya viboko wa majini, na akida awe ndani. Fundi alipouliza nani kagusa nini, nikasema, "Nimegusa upondo wa kusukumia mashua."

Tukaondoka. Nikangoja. Injini ikaimba vizuri tangu Ifakara mpaka Mofu. Akida akashuka, akafanya kazi yake, akarudi anacheka. Jioni ile nilikitupa kibuyu majini. Nikasema moyoni, haya maji yametudanganya mara mbili.

Kumbe hayakudanganya, mwanangu. Yalikuwa yamekaa. Bomba la kutolea petroli lilichomoza kidogo ndani ya tangi, kimo cha kidole, ili taka zibaki chini. Maji ni mazito kuliko petroli. Yalilala pale chini, safi, kimya, yakisubiri mashua ielemee au tangi liinuliwe.

Zikapita siku kama kumi. Petroli ikawa haba, maana madebe yalibebwa vichwani kutoka Kilosa na masika yaliwazuia wapagazi. Fundi akachomeka kipande cha gogo chini ya tangi, liinamie upande wa bomba, ili atumie mpaka tone la mwisho.

Kesho yake asubuhi akafika shemeji yangu Kasiani, mume wa Sesilia, kwa mtumbwi kutoka Mofu. Uso wake ulikuwa wa majivu. Sesilia alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa tangu juzi jioni, mtoto amekaa mkingamo, wazee wa kike wamejaribu wameshindwa. Bonde zima lilijua mkono unaoweza kumgeuza mtoto tumboni ni wa Bi. Zuhura. Kushuka na mto kwa mtumbwi Kasiani alitumia usiku mmoja. Kupanda nao kwa upondo, mto umefura vile, ilikuwa siku mbili. Kwa injini ilikuwa chini ya nusu siku.

Bwana mwenye mashua alikuwa Mahenge. Kasiani akauliza, "Fundi, na Bwana akijua?"

"Nitamwambia nilikuwa naijaribu injini. Haya, pandeni."

Bi. Zuhura akafunga kanga yake, akapanda na furushi lake la dawa. Nikazungusha hendeli. Injini ikanguruma mara tatu, ikakohoa. Pa-pa, kimya, pa, kimya, halafu puu kwenye bomba la moshi mpaka kuku wakaruka. Ikafa. Nikazungusha tena. Vilevile.

Nilijua papo hapo.

Fundi hakuonekana na wasiwasi. Akatandika jamvi uani, akafungua mfuko, akatuangalia mmoja mmoja. "Nani kagusa nini?"

Kasiani akasema, "Mimi nimefika sasa hivi, sijagusa ila kamba."

Bi. Zuhura hakufanya mzaha siku hiyo. Akasema, "Sijagusa."

Nami nikasema, "Sijagusa."

Sikiliza alivyofanya kazi, maana sijaona tabibu wa watu aliyemsikiliza mgonjwa namna ile. Aliniambia nizungushe mpaka ikakubali kukohoa mfululizo. Akachukua bisibisi ya mpini wa mti, akagusanisha plagi ya kwanza na chuma cha injini ili kuinyima cheche. Sauti ikashuka. Akaiachia, akafanya hivyo kwa plagi ya pili. Sauti ikashuka vilevile.

"Ingekuwa silinda moja imekufa," akasema, "ningeinyima cheche na sauti isibadilike. Hizi zote mbili zinafanya kazi, na zote mbili zinaumwa sawasawa. Basi ugonjwa hauko kifuani. Uko kwenye kitu wanachokula pamoja. Ni cheche au ni petroli."

Akafikiri kidogo, akaendelea, "Petroli nimeichuja mwenyewe kwa ngozi. Itakuwa cheche."

Unaona, mwanangu? Njia zilikuwa mbili tu, na mtu mwenye akili zile akageukia ile ya uongo, kwa sababu aliamini mkono wake na akaamini mdomo wangu.

Akazifungua plagi. Zilikuwa nyeusi na mbichi. Akampa mkewe, "Zikaange." Bi. Zuhura akaziweka kwenye kaango juu ya mafiga, akizigeuza kwa kijiti kama njugu mpaka zikakauka. Fundi akazisugua, akampa Kasiani waya ashike plagi karibu na chuma ili tuone cheche. Nikazungusha. Kasiani akaruka, akaanguka matakoni.

"Umepigwa na nini?"

"Nimepigwa na mtu."

"Mtu huyo mzima wa afya," Fundi akasema.

Ilibidi sote tucheke, hata Kasiani. Nami niliiona cheche ile kivulini mwa paa la jiko, nyembamba kama uzi, rangi yake ya zambarau kama ua la mbaazi pori, na sauti yake tii. Kitu kidogo vile ndicho kilichosukuma mashua nzima na watu wake. Nilishikwa na hofu ya kweli, kama vile jicho limenifumbukia na kuniona.

Tukazirudisha plagi. Ikanguruma mara mbili, ikakohoa.

"Cheche ipo ikiwa baridi," Fundi akasema. "Labda ikipata joto inakufa." Akaanza kukifungua kisanduku kinachozaa cheche, skrubu moja moja, zile ndogo kama mbegu za ufuta, akizipanga kwenye jamvi kwa mstari. Kazi ile haiharakishwi. Jua likapanda. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la skrubu. Mara mbili nilifumbua mdomo. Mara mbili nikaona kiboko, hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na tano, nikiwa nimelazwa kwenye pipa mbele ya boma, na akida Mwinyimvua amesimama anahesabu. Nikafumba.

Kasiani akawa anakwenda ukingoni na kurudi. Kwenda na kurudi.

Bi. Zuhura akaja akasimama juu yetu, furushi bado kwapani. "We Kasiani, umesema uchungu ulianza lini?"

"Juzi jioni, mama."

"Basi ni leo. Kesho nikienda, naenda kuzika."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Ndipo niliposema.

"Fundi, mimi nimegusa tangi."

Hakuinua kichwa. "Lini?"

"Siku ya akida."

"Umegusa nini?"

"Nimetia maji."

"Ya mto?"

"Ya mto. Kwa kibuyu cha mama."

Akaiweka bisibisi chini polepole. Akatazama vipande vya kisanduku vilivyotapakaa kwenye jamvi, kazi ya asubuhi nzima. Kisha akaniambia, "Asante." Neno lile liliniingia kuliko kiboko.

Alifungua kikombe kidogo cha kabureta, mahali petroli inapopumzika kabla ya kuingia kifuani, akamimina kilichomo ndani ya chupa ya marashi ya mkewe. Akainyanyua juani. Mwanangu, sijaona tena kitu kama kile. Juu petroli, imesimama, ina rangi ya asali nyepesi. Chini maji, safi kabisa. Katikati mstari mmoja ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Alipotikisa, maji yakavunjika kuwa shanga, yakacheza, kisha yakateremka tena yakaungana, mstari ukarudi.

Nikawaza, baba yangu alitamani kuona hili. Maji yameuzima moto wa Mdachi kweli, kijiko kimoja tu kimetosha. Na aliyefungiwa njia ni Sesilia.

Akalimwaga tangi lote ndani ya ndoo, akalipangusa kwa kanga ya mkewe iliyochakaa, akapuliza bomba kwa mdomo, akaichuja petroli upya kwa ngozi. Nikaona kwa macho yangu maji yanabaki juu ya ngozi yanatetemeka, hayapiti. Lakini ilibidi kisanduku cha cheche kirudishwe chote, skrubu kwa skrubu. Kufungua ni rahisi kuliko kufunga. Tulipozungusha hendeli, jua lilikuwa limeshapinda.

Iliwaka mara ya kwanza. Haikukohoa hata mara moja.

Sitaisahau safari ile. Bonde lilikuwa maji matupu mpaka miguuni pa milima ya Mbingu, na milima imesimama buluu upande wa kulia kama ukuta wa dunia. Sheshe, swala wa bonde lile, walikuwa wamepanda juu ya vichuguu, wamebanana, wanatutazama. Tulipita juu ya mashamba ya mpunga ya watu, vichwa vya mpunga vikipangusa ubavu wa mashua. Injini inaimba sawasawa, pa-pa-pa-pa, na mimi niliyekuwa nikifurahia sauti ile, siku hiyo kila mlio ulikuwa unanihesabia muda nilionyamaza.

Tulifika Mofu jua limekaribia kuzama. Bi. Zuhura akaingia ndani hata kabla mashua haijafungwa. Sisi wanaume tukangoja nje, matope mpaka magotini. Alitoka akikausha mikono.

"Mama yupo," akasema. "Atapona. Mtoto alikuwa amechoka kabla sijafika."

Kasiani akainama. Mimi nikamfuata Bi. Zuhura nyuma ya nyumba, nikamuuliza alichoka saa ngapi. Hakutaka kunijibu. Nikamwomba.

"Wanawake wanasema aliacha kucheza jua lilipoanza kupinda," akasema.

Fundi aliniita kwenye mashua. Nilitegemea anifukuze. Akaniambia, "Sikuulizi kwa nini ulitia maji. Akida yule hata mimi namjua. Nakuuliza ulinyamazia nini tangu asubuhi, dada yako yuko kwenye mkeka."

"Niliogopa hamsa ishirini."

"Nani angekupiga? Mimi?"

Fundi hakumwambia Bwana wala akida wala mtu yeyote. Asubuhi iliyofuata akafungua mfuko wake kama kawaida, akauliza nani kagusa nini, na akanisubiri mimi kwanza.

Baada ya hapo, mwanangu, ndipo adhabu yangu ilipoanza. Sesilia alinishukuru. Miaka nenda miaka rudi, kila nilipokwenda Mofu aliwaambia wageni, "Huyu ndiye kaka yangu aliyeleta mashua ya injini, bila yeye nami ningekufa." Alinipakulia nyama ya kwanza. Alizaa wengine watatu, mmoja akampa jina langu. Mdachi akaondoka, akaja Mwingereza. Mwinyimvua akafa kitandani kwake, ameshiba. Nami nikawa mtu wa kutaja. Kila penye watu nilimtaja Likapa, nikamtaja Bakiti, nikamtaja Mwinyimvua. Watu wakasema huyu ana uchungu, lakini anasema kweli. Kweli nilisema. Sikuimaliza.

Mwaka jana wakati wa mavuno nilikwenda kwake. Alikuwa anapepeta mpunga uani. Nikakaa kwenye kinu, nikamweleza yote, tangu kibuyu mpaka chupa ya marashi. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Ulinyamaza tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi mpaka saa tano."

Akakaa. Akasema, "Mwinyimvua umemtaja mbele yangu kila ulipokuja. Nikawa nasema, kaka yangu ana kumbukumbu."

Akachukua ungo, akapepeta tena kidogo, pumba zikaruka. Halafu akaniambia, "Yule mtoto alikuwa wa kike. Hukuwahi kuuliza." Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na sahani ya wali, akaiweka mbele yangu na maji ya kunawa. Hakuniita kaka siku ile. Lakini alinawisha mikono yangu kwa mikono yake, na tukala sahani moja.

Basi nasaha yangu ni hii, na nimeilipia. Walioharibu maisha yako wataje, usiwaogope, majina yao yasipotee. Lakini kitu kikiharibika mbele yako, iwe injini, iwe nyumba, iwe mtu, na fundi akauliza nani kagusa, jitaje wewe kwanza, asubuhi, kabla skrubu hazijatandazwa kwenye jamvi. Usiseme uovu wako ni mdogo kuliko wa akida. Fundi haulizi nani mbaya zaidi. Anauliza ili amjue mgonjwa, na kila unaponyamaza anafungua mahali pasipo na ugonjwa, na kwenye ugonjwa wenyewe jua linapinda.

Mungu aliyeweka mstari kati ya maji na petroli akuwekee mstari moyoni mwako, uone wazi kipi ulifanyiwa na kipi ulifanya. Akupe ulimi usiosubiri adhuhuri. Na wanao wazaliwe wakilia kwa nguvu, wakiwa hai, mikononi mwa watu waliofika mapema.